Kuwekewa Vikwazo Si Hati ya Uadilifu

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote, Aliyejiharamishia dhulma na akaifanya kuwa haramu baina ya waja Wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake, na wote wanaofuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu zetu katika imani, imeota mizizi miongoni mwetu hukumu moja ya haraka. Mtu akisikika kuwa amewekewa vikwazo na Marekani, Uingereza au Umoja wa Ulaya, basi kabla ya yeyote kuuliza alitenda nini, hukumu imekwisha kupita barazani: huyo ni mwanamume, amekataa kuwapigia magoti. Hoja yenyewe ni fupi. Wanaomchukia ni wale wale wanaotudhulumu sisi, kwa hiyo hana budi kuwa mwema.

Hatusemi kuwa hukumu hiyo imezuka bila sababu. Ina chanzo, na chanzo chake ni kidonda. Agosti 1990 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 661 dhidi ya Iraq, na kwa zaidi ya miaka kumi maisha ya raia wa nchi ile yakabanwa, kuanzia dawa za hospitali hadi vifaa vya kusafishia maji ya kunywa. Maafisa wawili wa Umoja huo huo waliokuwa wakisimamia misaada mjini Baghdad, Denis Halliday mwaka 1998 na Hans von Sponeck mwaka 2000, walijiuzulu kwa kuipinga adhabu iliyowaangukia wasio na hatia. Ummah ulioyashuhudia hayo haulaumiwi ukilisikia neno "vikwazo" na moyo ukashtuka.

Lakini kidonda si mizani. Mwenye kidonda hujua panapomuuma, wala si lazima ajue nani mwingine anaumia. Ndiyo maana mwezi huu tumeamua kuipima hukumu hiyo ya barazani kwa kisa cha mtu mmoja wa mbali, ambaye hatuna udugu naye wala ugomvi: Yuri Karaev, aliyeteuliwa Januari 2024 kuwa mkuu wa mkoa wa Grodno katika nchi ya Belarus. Mizani hujaribiwa vyema kwa bidhaa isiyokuwa yako.

Belarus iko Ulaya ya Mashariki, baina ya Urusi na Poland, nayo imegawanyika katika mikoa sita pamoja na jiji kuu la Minsk. Grodno ni mkoa wa magharibi, wenye watu wapatao milioni moja, unaopakana na Poland na Lithuania. Mkuu wa mkoa kule huteuliwa na Rais, kisha madiwani wa mkoa huidhinisha.

Huenda msomaji akauliza: yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, kwanza kwa sababu dhulma haina kabila. Pili, kwa sababu mkoa ule una ndugu zetu. Tangu mwisho wa karne ya 14 Watatari Waislamu walipewa ardhi katika nchi zile na Mtawala Vytautas wa Lithuania, wakawa askari wake, na kizazi chao hakijatoweka. Mji mdogo wa Iwye, ulio katika mkoa huo huo wa Grodno, una msikiti wa mbao uliojengwa katika miaka ya 1880, na mji wa Navahrudak nao una msikiti wake. Watatari wale walipoisahau lugha ya mababu zao hawakuiacha dini. Waliandika mafundisho yake kwa Kibelarusi na Kipolandi kwa kutumia herufi za Kiarabu, na vitabu hivyo wakaviita kitab. Sisi tuliorithi Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo hizo tunaijua thamani ya kazi ile.

Sasa tumtazame mtu wetu. Karaev alizaliwa mwaka 1966 katika mji uitwao leo Vladikavkaz, Ossetia Kaskazini, penye milima ya Kaukazi nchini Urusi. Jina la baba yake ni Khadzimurat, jina ambalo ndani yake limo neno "haji", na ambalo Waislamu wa Kaukazi wamelibeba kizazi baada ya kizazi. Juu ya imani yake hatusemi lolote, kwani hilo ni baina yake na Mola wake. Tunalitaja jina ili mtu asije akadhani kuwa nasaba humkinga mwanaadamu na hisabu.

Alipanda ngazi katika vikosi vya ndani, yaani askari wa usalama walio chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, akafikia kuwa kamanda wao na naibu waziri. Juni 2019 Rais Alexander Lukashenko, anayeitawala Belarus tangu mwaka 1994, akampa wizara yenyewe. Mwaka mmoja baadaye ukaja mtihani.

Tarehe 9 Agosti 2020 ulifanyika uchaguzi wa Rais, na ikatangazwa kuwa Lukashenko ameshinda kwa asilimia 80. Watu kwa maelfu walitoka barabarani kuyakataa matokeo. Katika siku nne za mwanzo walikamatwa watu wanaokaribia 7,000. Waliotoka katika vizuizi, hasa kile cha mtaa wa Okrestina mjini Minsk, walionesha miili iliyogeuka rangi kwa vipigo. Tarehe 1 Septemba 2020 wataalamu wa haki za binaadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kuwa wamepokea taarifa za matukio 450 ya mateso na unyanyasaji yaliyowekwa katika kumbukumbu. Askari waliofanya kazi hiyo walikuwa, kwa sehemu kubwa, chini ya wizara ya Karaev.

Uadilifu unatutaka tuseme na lililo upande wake. Tarehe 13 Agosti alijitokeza katika televisheni ya serikali, akasema kuwa anabeba dhima na akaomba radhi. Ni mawaziri wachache wa polisi duniani wafanyao hata hilo. Lakini tuitazame radhi yenyewe aliiombea nini. Aliwaomba radhi watu waliokuwa wakijipitia tu, wakajeruhiwa katika vurumai. Je, yule aliyesimama kwa makusudi kupinga matokeo, akakamatwa na kupigwa hali amelala chini, yeye hakudhulumiwa? Sharia yetu haimtofautishi mpita njia na mpinzani katika hurumati ya mwili. Aliye mikononi mwako hana tena uwezo wa kupigana nawe. Kumpiga baada ya hapo hakuitwi kulinda amani.

Vikwazo vikafuata. Tarehe 29 Septemba 2020 Uingereza na Kanada zilimtia katika orodha zao. Tarehe 2 Oktoba ukafuata Umoja wa Ulaya, uliotangaza majina 40, na siku hiyo hiyo Marekani. Maana ya vikwazo hivyo ni kuwa mtu hawezi kuingia katika nchi hizo, mali yake iliyoko huko huzuiwa, na ni kosa kumpatia fedha. Hapa pana jambo lazima lifahamike. Adhabu ya Iraq iliwaangukia watu wote, wagonjwa na watoto wachanga. Hii imeandikwa kwa jina la mtu mmoja mmoja. Kuzichanganya mbili hizi ni kuwaonea wafu wa Iraq, kwa kumkopesha waziri wa polisi msiba wao. Na kwa upande wa pili, orodha ile si hukumu ya mahakama. Hakuna kadhi aliyemsikiliza Karaev akamtia hatiani. Ni uamuzi wa serikali, wenye sababu zilizoandikwa na siasa isiyoandikwa.

Yaliyofuata nyumbani kwake ndiyo yenye mafunzo zaidi. Mji wa Grodno, katika ule mwezi wa Agosti, ulikuwa umechukua njia ya upole. Wafanyakazi wa kiwanda kikubwa cha mbolea cha Azot walikuwa wamegoma, na viongozi wa mji wakakubaliana na wananchi kuwaruhusu wakutane uwanjani. Upole ule haukudumu. Katika mwezi huo huo mkuu wa mkoa, Vladimir Kravtsov, aliondolewa, na nafasi yake akapewa Vladimir Karanik, daktari wa saratani aliyekuwa Waziri wa Afya. Tarehe 29 Oktoba 2020 Karaev aliachishwa uwaziri, na siku ile ile akateuliwa kuwa msaidizi wa Rais na mkaguzi wake katika mkoa huo wa Grodno.

Yule daktari naye hakusalimika na orodha. Tarehe 21 Juni 2021 Umoja wa Ulaya ulimtia katika majina 78 mapya, ukimtuhumu kwamba chini ya uwaziri wake huduma za afya zilitumika kuwakandamiza waandamanaji, hata magari ya wagonjwa yakawapeleka watu vizuizini badala ya hospitalini. Januari 2024 Karanik alihamishiwa uongozi wa Chuo cha Taifa cha Sayansi, na kiti chake cha mkoa kikatwaliwa na Karaev. Kiti kimoja, watu wawili waliofuatana, wote wawili wamo orodhani.

Tunavyoona sisi, hapo ndipo ulipo undani wa kisa. Kule nyumbani orodha haikumshusha mtu cheo. Mtawala anapotafuta wa kumwamini, ni nani bora kuliko yule ambaye milango yote mingine imefungwa mbele yake? Mkuu wa mkoa anayetawala hadi mpakani mwa Poland na Lithuania, naye haruhusiwi kukanyaga hatua moja ng'ambo ya mpaka huo, hana pa kwenda ila kwa aliyemteua. Adhabu ya mgeni imegeuka kuwa rehani mkononi mwa bwana. Wala huo si ushujaa wala kusimama imara. Ni kufungwa kwa kamba mbili, moja nje na moja ndani.

Hebu tuulinganishe ukaguzi huu na ukaguzi wa zama bora. Ilipokuwa zama za Amirul-Muuminina Umar bin al-Khattab (r.a.), watu wa Kufa walimlalamikia gavana wao, naye si mwingine ila Saad bin Abi Waqqas (r.a.), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Katika riwaya iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, Umar alimwondoa, kisha akawatuma wajumbe Kufa, wakapita msikiti baada ya msikiti wakiwauliza watu mwenendo wa Saad. Walio wengi walimsifu. Hata hivyo swali liliulizwa, na liliulizwa hadharani, na aliyeulizwa ni raia wa kawaida ndani ya msikiti wake. Mkaguzi wa Umar alitumwa kumchunguza gavana kwa niaba ya watu. Mkaguzi wa Minsk alitumwa baada ya watu kupaza sauti, na aliyetumwa ni yule yule aliyekuwa amelalamikiwa. Anayetaka kujua tofauti ya utawala wa amana na utawala wa mabavu, amtazame mkaguzi anauelekeza uso wake wapi.

Yapo maneno yatakayosemwa kumtetea: alikuwa mtumishi, na mtumishi hutii. Ni udhuru mkongwe, na Qur'ani imeshaujibu. Suratul-Ahzab, katika aya ya 67, inatusimulia watu ambao Siku ya Kiyama watajitetea kuwa waliwatii mabwana na wakubwa wao, na utetezi huo hautawafaa. Suratul-Qasas, aya ya 8, haikumtaja Firauni peke yake katika makosa, bali imemtaja yeye na Hamana na majeshi yao, wote kwa pamoja. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa hakuna utii kwa kiumbe katika kumuasi Muumba, na akamuusia Abu Dharr (r.a.) kuwa uongozi ni amana, nao Siku ya Kiyama utakuwa hizaya na majuto, ila kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatekeleza yaliyomlazimu. Amri ya mkubwa humwongezea mkubwa mzigo. Mdogo haimpunguzii wake.

Je, maana yake ni kuwa walioandika orodha ndio waadilifu? La. Kisa cha mpaka huo huo kinatosha kutuzindua. Katika mwaka 2021 maelfu ya watu, wengi wao Waislamu kutoka Iraq, Syria, Yemen na Afghanistan, waliletwa kwa ndege hadi Minsk kwa tamaa ya kufika Ulaya, kisha wakajikuta katika misitu ya mpakani. Novemba ya mwaka huo umati mkubwa ulikwama Bruzgi, katika mkoa wa Grodno, wakilala kwenye baridi kali, kisha kwenye sakafu ya ghala. Upande mmoja uliwasukuma mbele ili kuikomoa Ulaya. Upande wa pili, Poland, mwanachama wa Umoja ule ule unaotangaza orodha za wavunja haki, uliwarudisha nyuma msituni, na mwaka 2022 ukakamilisha ukuta wa chuma. Baadhi yao walikufa. Walipokosa watu wao wa kuwazika, waliosimama kuwaswalia ni Watatari wa kijiji cha Bohoniki, upande wa Poland, wakawazika katika makaburi ya wazee wao. Watu wachache wale, ambao mpaka wa dola umewatenga na ndugu zao wa Iwye, walitekeleza faradhi ya kutosheleza kwa niaba ya Ummah mzima. Allah awalipe kheri.

Na isitoshe, vikwazo navyo hununuliwa na kuuzwa. Septemba 2025 Belarus iliwaachia wafungwa 52, na Marekani ikaliondolea shirika la ndege la nchi hiyo, Belavia, vikwazo ilivyokuwa imeliwekea. Desemba 2025 waliachiwa wengine 123, na Marekani ikakubali kuondoa vikwazo vya mbolea ya potashi. Tunafurahi kwa kila mfungwa aliyerudi kwa wanawe. Lakini linaloweza kubadilishwa kwa mbolea na ndege, lisiitwe mizani ya haki. Ni kodi ya wakubwa, hutozwa na husamehewa kwa maslahi.

Tufanye nini basi, ikiwa mshitakiwa ana ya kujibu na mshitaki naye ana yake? Qur'ani haikutuacha gizani. Suratul-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tukiletewa habari na fasiki tuichunguze. Haikutuamuru tuitupe kwa kuwa aliyeileta ni fasiki, wala tuipokee kwa kuwa inatupendeza. Suratul-Maida, aya ya 8, inatukataza chuki yetu kwa watu kutupeleka kwenye kukosa uadilifu. Chuki yetu kwa siasa za Marekani, hata ikiwa na haki, haiwezi kuwa ushahidi wa kumsafisha mtu ambaye raia wake walipigwa wakiwa mikononi mwa askari wake. Adui wa adui yako huenda akawa dhalimu wa pili tu.

Ndugu Waislamu, hatuandiki haya kwa ajili ya Grodno peke yake. Katika safu zetu za swala wamo askari, mahakimu, watendaji wa kata, maofisa wa magereza na watu wanaokaa karibu na wakubwa. Ipo siku mmoja wao ataamriwa jambo, na moyo wake utamwambia kuwa si halali. Siku hiyo hataulizwa Ulaya inasemaje wala mkubwa wake anasemaje. Ataulizwa alifanya nini kwa mkono wake. Tunamnasihi tangu leo, ingali mapema: cheo kinachohitaji damu ya mtu ili kidumu, kukiacha ni faida.

Maimamu wetu nao tunawaomba. Mimbari isiwe pazia la kumsitiri dhalimu eti kwa kuwa Magharibi imemtaja, wala isiwe kipaza sauti cha orodha zilizoandikwa Brussels na Washington. Imamu amtaje mdhulumiwa kwanza, awe Mwislamu au asiwe, kisha atafute nani amemdhulumu. Mtume (s.a.w.) ametuamuru kumnusuru ndugu yetu akidhulumiwa na hata akidhulumu, na akaeleza kuwa kumnusuru dhalimu ni kuuzuia mkono wake na dhulma. Anayemshangilia dhalimu hajamnusuru, amemsukuma shimoni.

Kwa Yuri Karaev na Vladimir Karanik, na kwa kila aliyeshika amana ya watu, mlango wa toba uko wazi muda wote pumzi ingalipo. Toba katika haki za waja ina sharti lake: kurudisha haki kwa mwenyewe au kumtaka radhi, wote pia, mpita njia na mpinzani. Orodha za wanaadamu hufutwa kwa mapatano. Daftari la Allah halifutwi kwa mapatano ya dola na dola, na humo halipotei jina la aliyepiga wala la aliyepigwa.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuonyeshe haki kuwa ni haki na atupe nguvu ya kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na atupe nguvu ya kuiepuka.

Wabillahi tawfiq.